Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, TAMISEMI na Utumishi: mtaalamu wa usemi aajiriwe idara ya elimu, asiishie hospitali

Waheshimiwa wa Wizara ya Elimu, wa TAMISEMI, na nyie wa Utumishi ambao ndio mnashika kalamu ya ikama, yaani idadi ya watumishi wa kila kada, shikamooni kwa walionizidi umri na habari za kazi kwa wengine. Mi ni mwalimu wa madarasa ya chini, la kwanza na la pili, huku Kanda ya Ziwa. Shule siitaji kwa sababu shida ninayoisema sio ya shule yangu peke yake, na pia sitaki mwalimu mkuu wangu apigiwe simu na wilaya saa mbili usiku. Naandika hapa wazi kwa sababu barua ya kupitia ngazi, kwa afisa elimu kata, kwa afisa elimu wa wilaya, kwa mkurugenzi, mnajua wenyewe inavyofika, kama inafika.

Ombi langu ni moja tu. Kila halmashauri iwe na angalau mtaalamu mmoja wa lugha na usemi, yule ambaye hospitalini wanamuita spichi therapisti, na mwajiriwa huyu awe chini ya idara ya elimu, akitembelea shule, sio akae hospitali anasubiri wagonjwa. Halmashauri ziko 184, kwa hiyo kwa kuanzia nazungumzia watu 184 nchi nzima. Serikali inayotangaza ajira za walimu kwa maelfu haiwezi kuniambia hii ni namba ya kutisha.

Najua wengi wakisikia hii kazi wanadhani ni mtu wa kuja kumfundisha mtoto kutamka "r". Hiyo ipo, ndio, ila ni kipande kidogo sana. Ngoja niwaeleze mi naona nini darasani, darasa la watoto mia na kitu, halafu mtaniambia kama ni mambo ya kusubiri.

Naanza na mtoto ambaye kila mwalimu wa darasa la kwanza anamjua. Anaongea, masikio yake mazima, uwanjani anacheza kama wenzake, akitumwa dukani kitu kimoja anarudi nacho na chenji juu. Sasa mwambie "chukua daftari la hesabu, weka chini ya dawati, halafu njoo ubaoni", utaona anageuza shingo anaangalia wenzake wanafanya nini ndio na yeye afanye. Mwambie asimulie jana nyumbani kulikuwa na nini, atakupa maneno matatu, "mama... kule... ng'ombe", basi, na sio aibu, ni kwamba maneno hayajipangi. Shuleni tunamuita mzito. Nyumbani wanasema mvivu, kamfuata baba yake. Fimbo zinamfuata kwa sababu tunadhani ana kiburi, hataki kutii, kumbe maelekezo yenyewe yamempita yote matatu na kalishika la mwisho tu.

Hii hali wataalamu wanaijua, ni ugumu wa kujifunza lugha bila sababu nyingine inayoonekana, sio usonji, sio uziwi, sio akili kudumaa, na utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza uliona ni kama watoto wawili kwenye darasa la watoto 30. Nisikilizeni vizuri hapo, wawili kwenye 30. Kwenye darasa langu mimi hiyo ni watoto saba au nane, na hata mkisema Uingereza ni Uingereza tupunguze nusu, bado nabaki na watatu wanne kila mwaka ambao wanafika darasa la saba wanaitwa wajinga na hakuna hata mtu mmoja mwenye taaluma aliyewahi kukaa nao dakika kumi.

Na Kiswahili chetu kinawaficha hawa watoto vizuri mno. Kwa vile tunaandika kama tunavyotamka, mtoto akishaelewa ba be bi bo bu anaweza kusoma aya nzima bila kukosea, mzazi anafurahi, mwalimu anaweka vema, kwenye takwimu za KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) anahesabika anajua kusoma. Muulize sasa. Sentensi inasema "Juma alimnunulia Asha kalamu", muulize kalamu ni ya nani, anajibu ya Juma. Kwa sababu lile neno moja alimnunulia limebeba mambo mengi, nani kafanya, lini, kamfanyia nani, na yote yamebanwa kwenye vipande vidogo vidogo vya katikati ambavyo sikio la mtoto huyu haliviokoti. Mimi mwalimu naona kakosa swali moja la ufahamu, naweka kosa naendelea na daftari linalofuata maana yamebaki tisini. Mtaalamu wa usemi angeona kitu kingine kabisa, angempima kuelewa peke yake na kusema peke yake, angejua ni kipande gani cha lugha kimelegea, halafu angenigeukia mimi na kuniambia mwalimu, huyu mpe agizo moja moja, onyesha kwa mkono, maneno magumu ya somo la kesho mfundishe leo, akijibu vibaya usimwambie "hapana" mrudishie sentensi sahihi aisikie, na ukiuliza swali hesabu mpaka tano kimya kimya kabla hujamrukia mwingine. Hivyo vitu havihitaji bajeti jamani, vinahitaji mtu anayejua kuniambia ni mtoto yupi na ni kitu gani.

Wakati huu mtoto yuko na lugha ya Kiswahili bado. Akifika kidato cha kwanza, shule za serikali, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, huyo tumeshampoteza.

Kigugumizi nacho. Hiki kila mtu anakiona kwa hiyo kila mtu ni daktari. Tulia. Vuta pumzi. Anza upya. Mwalimu anammalizia neno, wenzake wanacheka, mtoto anajifunza kwamba dawa ni kukaa kimya. Kigugumizi cha utotoni kwa kawaida kinaanza kati ya miaka miwili na mitano, watoto wengi kinawaachia wenyewe, wavulana kinawashika zaidi kuliko wasichana, na mwisho wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu mmoja katika mia. Sio woga na wala sio kurogwa, ni jinsi ubongo unavyopanga mwendo wa usemi, na ndugu wa damu mara nyingi wanacho. Sasa huyu mtoto wa miaka nane mnamkalisha kwenye upimaji wa darasa la pili, anasoma kwa sauti mbele ya mtu mgeni, muda unakwenda, anakwama kwenye herufi ya kwanza ya neno ambalo macho yake yalishalisoma zamani. Mnapima nini pale? Kusoma anajua! Mkimpa asome pamoja na wenzake wote kwa sauti moja kigugumizi kinapungua au kinaondoka kabisa, hilo linajulikana dunia nzima, mimi mwenyewe naliona kila asubuhi darasa likisoma ubaoni kwa pamoja.

Mtu wa usemi kwenye hilo angekuwa na kazi tatu. Kwanza kukaa na mtoto mwenyewe na mzazi wake, kuna mbinu za wadogo ambazo mzazi ndiye anafundishwa afanye nyumbani. Halafu kukaa na darasa, kuelewesha watoto na walimu ili kucheka kuishe, hii mnaweza kuidharau lakini ndiyo inayomrudisha mtoto shuleni. Halafu kuandika ripoti ya kitaalamu ambayo mwalimu mkuu anaweza kuipeleka mbele, kwamba mtahiniwa huyu apewe muda zaidi au apimwe kusoma kwa njia nyingine. Saa hizi mi nikisema, nani ananisikiliza? Mi ni mwalimu wa la pili, sina muhuri wa kumpa mtoto haki hiyo.

Kuna jambo la tatu ambalo sisi wa huku Kanda ya Ziwa linatuhusu sana na naliweka kwa hasira kidogo. Mtoto kakua nyumbani na Kisukuma, bibi yake Kisukuma, mifugo anaiita kwa Kisukuma, anakuja shule anasema "lafiki yangu" badala ya "rafiki yangu", hakuna ugonjwa hapo. Mkurya kinyume chake anakuambia anakwenda "kura ugari", hakuna ugonjwa hapo pia, ni lafudhi. Lakini nimeshuhudia mtoto anayejua lugha yake vizuri tu akiitwa mzito, anapendekezwa kupelekwa kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, kwa sababu Kiswahili chake cha mwezi wa kwanza wa shule ni cha kubahatisha. Na upande wa pili nimeona mtoto mwenye tatizo kweli, hata hicho Kisukuma chenyewe nyumbani hakiendi, watu wanasema "ah atazoea Kiswahili huyo, mwache". Kutofautisha hawa wawili ndio kiini cha taaluma yenyewe. Mtaalamu anauliza mtoto anaongeaje kwenye lugha yake ya nyumbani, anamuita bibi, anasikiliza. Kama tatizo lipo kwenye lugha zote ni tatizo, kama lipo kwenye Kiswahili peke yake ni ugeni. Swali moja tu hilo lingeokoa watoto wangapi.

Udata, ule utando unaofunga ulimi kwa chini, sijui nianzie wapi. Kila mtoto aliyechelewa kuongea huku mtaani anatafutiwa udata chini ya ulimi, ukatwe, na wengine wanakatwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na waganga kwa wembe, mtoto anavuja damu na bado haongei. Ulimi uliofungwa sana unaweza kusumbua kunyonya na sauti chache, ila haumfanyi mtoto wa miaka minne asielewe anachoambiwa. Kitu cha kwanza ni masikio. Mtoto anatoka usaha sikioni miezi na miezi, mama anaweka mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, halafu tunashangaa kwa nini anasema "aa" tu. Mtaalamu wa usemi ndiye angesema hapana, kabla sijafanya lolote huyu apimwe usikivu, na angejua ampeleke wapi.

Halafu uji. Hii najua hamkuitegemea kwenye barua ya usemi. Watu hawa wa usemi wamesomea pia kumeza, kwa sababu misuli ni ile ile, mdomo, ulimi, koo. Kwenye shule zenye vitengo tuna watoto wenye mtindio wa ubongo, saa nne wanapewa uji kama wenzao. Dada wa jikoni, mtu mwema kabisa, anamlaza mtoto kichwa nyuma ili uji "ushuke", anammiminia na kikombe. Kichwa kikilala nyuma njia ya hewa inakaa wazi na uji mwepesi unakimbia kuliko koo linavyoweza kujifunga, unaingia kwenye mapafu. Mtoto anakohoa kila mlo, anapata homa ya mapafu mara kwa mara, anakosa shule, mwaka mwingine hatumuoni tena na watu wanasema ndio hali yake ilivyokuwa. Kumkalisha wima, kidevu chini kidogo, uji uwe mzito kiasi chake, kijiko kidogo, asubiriwe ameze ndio apewe kingine. Nani alimfundisha dada wa jikoni? Hakuna. Mtu mmoja akija asubuhi moja akakaa naye jikoni, ile shule imebadilika.

Wapo na watoto ambao kwa kweli hawatasema kwa mdomo, au watasema kidogo sana. Hao nao wanapewa ubao wa picha, choo, maji, inauma, sitaki, nimemaliza, picha zilizochorwa kwa mkono zikabandikwa kwenye boksi zinatosha kuanzia. Wazazi huwa wanaogopa kwamba akizoea picha hatasema tena, mtaalamu anawatoa hiyo hofu, picha hazizuii kusema. Mtoto anayeweza kusema "sitaki" kwa picha hang'ati wenzake. Mwalimu wa kitengo cha usonji akisoma hapa atanielewa bila maelezo.

Sasa nije kwenye lile ambalo serikali yenyewe imelianza na kuliacha katikati, samahani kwa neno hilo. Tangu 2017 hospitali ya Muhimbili, pale Upanga Dar es Salaam, wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa hawasikii, na baadaye hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma nao wakaanza. Ni jambo kubwa, zamani watu walipelekwa India, na hongera kwa kila aliyehusika. Lakini kifaa kile kinampa mtoto sauti, hakimpi lugha. Baada ya upasuaji kinahitajika kipindi kirefu, kwa wengi miaka, cha kufundishwa kusikia, hii ni sauti ya mlango, hii ni jina lako, hii ni "mama", mpaka sentensi. Mtoto akiisha kufunguliwa kifaa anarudi kwao, na kwao sio Upanga. Kwao ni wilayani, anaingia darasa la watoto mia, mwalimu anaandika ubaoni huku amewapa mgongo, kelele ya bati mvua ikinyesha. Mmeweka mamilioni ya shilingi kwenye kichwa cha mtoto mmoja halafu hamkuweka mtu wilayani wa kumfuatilia. Na wenzao waliopasuliwa mdomo sungura uliofika hadi kaakaa, juu ya kinywa, ni hivyo hivyo, kinywa kimeshonwa vizuri, lakini hewa imezoea kupitia puani, "baba" inatoka "mama", bila mazoezi haijirekebishi yenyewe kwa wengi wao, na darasa linamcheka.

Mtasema wataalamu wapo kwenye hospitali kubwa, waende huko. Waheshimiwa, hii sio sindano. Mtoto anatakiwa kufanya mazoezi mafupi kila siku na kuonwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mama wa huku kwetu nauli ya kwenda mjini na kurudi, yeye na mtoto, ni hela ya mboga ya siku kadhaa, na akifika anapewa tarehe ya mwezi ujao, anakwenda mara mbili ya tatu anaacha, halafu kwenye faili inaandikwa mzazi hana ushirikiano. Na hata angeweza nauli, mtoto haongei hospitali. Anaongea na nani kule? Anakaa kwenye kiti mbele ya mtu mwenye koti jeupe anamuonyesha picha. Kuna mtoto niliyemfundisha alikuwa nyumbani kwao ni redio, anaimba, anagombana na dada zake, akivuka geti la shule mdomo unafungwa hadi kengele ya kutoka, ruhusa ya chooni anaomba kwa kuvuta sketi yangu. Tatizo la mtoto kama huyo lipo shuleni na haliwezi kuonekana sehemu nyingine yoyote. Huwezi kulitibu kwa kumpeleka mahali ambapo halipo.

Nchi nyingine walishaelewa hili zamani. Marekani walianza kuweka walimu wa usemi kwenye shule za Chicago mwaka 1910, hapa kwetu tulikuwa bado chini ya Mjerumani, na baadaye sheria yao ya 1975 ikafanya iwe haki ya mtoto, mpaka leo zaidi ya nusu ya wataalamu wao wa usemi wanafanya kazi kwenye mazingira ya shule. Sisemi tuige kila kitu chao, wale wana makaratasi mengi mpaka wenyewe wanalia. Nasema tu kwamba mahali pa kazi hii kukaa shuleni sio wazo langu la ajabu.

Na karibu yetu, Chuo Kikuu cha Makerere kule Uganda walianzisha shahada ya fani hii 2008, ya kwanza Afrika Mashariki. Vijana wanaosomea, wawe wamesoma Kampala, India au popote, wakirudi wanakutana na nini? Hospitali chache za mijini na kliniki binafsi ambazo saa moja ya mtoto inazidi uwezo wa mzazi wa kawaida. Muundo wa utumishi ukiwa na nafasi yao upande wa elimu, vyuo vitapata wanafunzi, maana kijana wa kidato cha sita anaangalia ajira kwanza ndio anajaza fomu ya chuo, tusidanganyane.

Kuna watakaosema tunao walimu wa elimu maalum, chuo cha Patandi kinawatoa kila mwaka. Tunao na ni wenzangu, nawaheshimu kuliko mtu yeyote kwenye hii kazi. Lakini mwalimu aliyesomea viziwi kasomea kufundisha viziwi, aliyesomea wasioona kasomea hilo, na wengi wao wako vitengoni ambako wana watoto wao wa kutosha. Mtoto wa kigugumizi hayupo kitengoni. Mtoto wa alimnunulia hayupo kitengoni. Wako kwenye madarasa ya kawaida, benchi la nyuma. Mtaalamu wa usemi akija hatamnyang'anya mtu kazi, atafanya kazi bega kwa bega na hao walimu, na afisa elimu maalum wa halmashauri ndiye awe bosi wake, nafasi hiyo ipo tayari.

Atafikaje shule zote? Hatafika zote, na hatakiwi kumshika kila mtoto mkono. Mimi ninavyoona, muhula wa kwanza azunguke kwenye kata, madarasa ya awali na la kwanza, walimu tuwe tumeshamuandalia majina kwa maswali machache rahisi, mtoto anaelewa maagizo mawili? wageni wanamuelewa akiongea? anakwama? masikio yanatoa usaha? Yeye apime waliotajwa, sio wote. Kisha atumie vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambavyo tayari tunakaa kila mara, na kwa kweli kuna siku tunakaa kwenye hivyo vikao hatuna hata mada, atufundishe kitu kimoja kila kikao, leo kigugumizi, kesho masikio, keshokutwa namna ya kutoa maelekezo. Wale wenye shida nzito awe nao karibu, ambao shida yao nyepesi mwalimu na mzazi wafanye kwa maelekezo, wasap ipo, mama anarekodi sauti ya mtoto anatuma. Maafisa elimu kata mliwapa pikipiki, huyu naye anahitaji pikipiki na mafuta. Kwa ruzuku ile ya uendeshaji inayokuja shuleni msitegemee, hiyo haitoshi hata chaki na karatasi za mitihani.

Jingine la kitaalamu zaidi ila ni la kwenu. Vipimo vingi vya lugha ya watoto vimetengenezwa kwa Kiingereza, na ukivitafsiri tu unapima upuuzi, kwa sababu mtoto wa Kiingereza hana ngeli na sisi hatuna yale yao. Kazi imeanza kidogo kidogo. Kilifi kule Kenya walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, na Dar es Salaam kuna utafiti uliochapishwa 2015 ulioangalia matamshi ya watoto 24 wa miaka mitatu hadi mitano. Ishirini na nne! Kwa lugha inayosemwa na mamilioni. Mkiwa na wataalamu 184 wanaokusanya taarifa kwa fomu moja, baada ya miaka michache tutajua mtoto wetu wa miaka mitano anatakiwa aweze nini kwa Kiswahili, na TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, wanaweza kuitumia kwenye vitabu vya awali. Peke yake hii ni sababu tosha.

Pesa najua ndio jibu mtakalonipa, na kwamba walimu wenyewe hawatoshi. Ni kweli hatutoshi, mimi ndiye ninayesimama mbele ya watoto mia, sihitaji kukumbushwa. Lakini mtoto anayekaa darasani miaka yote bila kuelewa naye ana gharama, dawati lake, vitabu vyake, mitihani yake, mwalimu wake. Mnalipa tayari, ila hampati kitu. Kama 184 ni wengi anzeni na makao makuu ya mikoa, 26 Bara, mwaka mmoja, tuone.

Na nikiwa hapo hapo, kwa upande wangu binafsi kidogo, walimu wengi wa madarasa ya chini wana sauti zilizokwaruza, ikifika Ijumaa mtu anafundisha kwa kunong'ona na ishara. Kupaza sauti siku nzima juu ya watoto mia na vumbi la chaki kunaharibu nyuzi za sauti. Sauti nayo ni eneo la mtaalamu huyo huyo. Kwa hiyo msije mkasema hatuna faida naye sisi wenyewe.

Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliopo ni wa 2021/22 hadi 2025/26, muda wake ndio unafika mwisho na mwingine utaandikwa. Naomba ndani yake kuwe na mstari unaomtaja mtaalamu wa lugha na usemi kwa cheo chake, idara yake na idadi kwa kila halmashauri, sio ule mstari wa "kushirikiana na wadau wa afya" ambao hauna mtu wala mshahara. Utumishi muweke kada hiyo upande wa elimu kwenye tangazo lijalo. Na Baraza la Mitihani, hili halihitaji kusubiri ajira ya mtu yeyote, mtoe maelekezo kwa wasimamizi wa upimaji wa darasa la pili mwaka huu kwamba mwenye kigugumizi asihesabiwe muda anaokwama. Waraka wa ukurasa mmoja unatosha, mkiutuma kabla ya upimaji mimi nitaubandika mlangoni.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa darasa la pili, Kanda ya Ziwa

Nakala: Afisa Elimu Maalum wa halmashauri yangu, kwa taarifa. Mwalimu Mkuu, kwa taarifa pia, na naomba nisipewe barua ya kujieleza.